Somo: Jinsi ya kuchagua bunduki yako ya kwanza ya nusu otomatiki kwa bajeti ndogo

Wakuu, habari zenu.

Wanaoanza kulenga shabaha huniuliza swali lile lile: "Ninunue bunduki gani ya bei nafuu?" Na mimi huwarudishia swali: "Utapiga risasi ngapi kwa mwezi?" Wengi hunyamaza. Hawajawahi kulifikiria, kwa sababu akili yote iko kwenye bunduki, umbo lake na rangi yake. Somo hili nimeliandika kwa ajili ya watu hao. Chagua risasi kwanza, bunduki baadaye.

Nalisema hili kwa uchungu. Bunduki yangu ya kwanza niliichagua kwa macho. Ilikuwa ya kaliba kubwa (kaliba ni upana wa tundu la mtutu), nzuri kuitazama, na siku ya kuinunua nilijiona nimefika. Niliimaliza boksi mbili za mwanzo ndani ya saa moja, nikaenda kuuliza bei ya nyingine, nikarudi mikono mitupu. Ilikaa kwenye sanduku lake la chuma miezi kumi na moja, kazi yangu ikawa kuifuta mafuta tu. Baadaye mzee mmoja wa uwanjani akaniazima bunduki yake ya kaliba ndogo, .22, na pakiti nzima ya risasi. Jumamosi tatu nilizopiga na ile bunduki zilinifundisha kuliko mwaka mzima uliotangulia.

Tukubaliane kwanza maana ya nusu otomatiki, maana watu huchanganya. Ukivuta triga inatoka risasi moja. Nguvu ya risasi hiyo hiyo inasukuma nyuma bolti (chuma kinachoteleza na kufunga nyuma ya mtutu), ganda linarushwa nje, springi inabanwa. Springi ikijirudisha, bolti inakwenda mbele ikiwa imechota risasi nyingine kutoka kwenye magazini (kihifadhi cha risasi) na kuiingiza chemba, yaani nafasi ya nyuma ya mtutu risasi inapokaa. Hapo inasubiri. Ukiendelea kushikilia triga hakuna kitakachotokea. Lazima uiachie ndipo uivute tena. Ile inayomwaga risasi mfululizo kwa kushikilia triga ni otomatiki kamili, silaha ya jeshi, na haimo kwenye somo hili.

HATUA YA 1: Sheria ya unapoishi

Anza hapa kabla hujaweka akiba hata kidogo. Sheria za nusu otomatiki zinatofautiana sana kati ya nchi na nchi, na mara nyingi ndizo zinazokuchagulia kaliba. Uingereza, tangu mabadiliko ya sheria ya 1988, raia haruhusiwi raifo ya nusu otomatiki isipokuwa ya kaliba .22 ya kupigwa ukingoni (nitaieleza Hatua ya 2), na lazima awe na cheti. New Zealand nao mwaka 2019 walipiga marufuku sehemu kubwa ya nusu otomatiki, wakaacha .22 zenye magazini isiyozidi risasi 10. Kuna nchi hairuhusiwi kabisa. Nenda kwenye ofisi inayotoa vibali, uliza mambo matatu: aina gani inaruhusiwa, magazini ya risasi ngapi, na bunduki inatakiwa itunzwe vipi nyumbani. Majibu yaandike. Muuzaji si mwanasheria wako, hata akiwa mtu mwema kiasi gani.

Kama huna kibali, usiende mbele zaidi ya hapa. Jiunge na klabu, piga kwa bunduki za klabu huku taratibu zikiendelea. Hutapoteza kitu, na utakuwa umezijaribu tatu nne kabla ya kununua yako.

HATUA YA 2: Chagua risasi

Hapa ndipo pesa yako itakapookolewa au itakapozama.

Risasi ya .22 Long Rifle ilianza 1887, na mpaka leo ndiyo risasi rahisi kuliko zote kwa mwanafunzi. Inaitwa ya kupigwa ukingoni kwa sababu kiwashio chake kimeenezwa ndani ya ukingo wa kitako cha ganda. Pini ya bunduki inaubonyeza ukingo, baruti inawaka. Chukua ganda lililokwisha kupigwa ulitazame kwa karibu: utaona kovu dogo la pini pembeni kabisa, si katikati. Kichwa cha risasi ya kawaida kina uzito wa gramu 2.6 hivi. Bunduki haikupigi teke la maana, mlio ni mdogo ukilinganisha na nyingine, na boksi ya risasi 50 inakutosha kujifunza kitu kimoja kikamilifu kwa siku. Huuzwa pia kwa pakiti za 500, na hizo ndizo za kununua ukishajua bunduki yako inapenda aina gani.

Kwenye .22 kuna jambo moja ambalo wageni hawaambiwi. Risasi hizi zipo za mwendo wa kawaida, kama mita 325 kwa sekunde, na za mwendo mkali, zinazofika mita 370 hivi. Bunduki ya bolti ya mkono haijali, kwa sababu mkono wako ndio unaoifanyia kazi. Nusu otomatiki inajali sana. Risasi yenyewe ndiyo inayosukuma bolti, kwa hiyo ikiwa dhaifu bolti hairudi mpaka mwisho, ganda linabanwa mlangoni, na wewe unaanza kuilaumu bunduki. Ukianza, nunua za mwendo mkali zenye kichwa cha mviringo.

Na usiidharau kwa udogo wake. Kichwa cha .22 kinaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja na nusu kikiruka bila kuzuiwa, na kikigonga jiwe au maji kinaruka upande. Ukuta wa udongo nyuma ya shabaha ni lazima, hata kama unapiga kopo la mita 20.

Ukipanda juu unakutana na .223 Remington na mwenzake 5.56, risasi za bunduki za familia ya AR-15, raifo ya nusu otomatiki yenye asili ya Marekani. Zinapigwa katikati ya kitako, zina kasi kubwa, na zinafaa shabaha za mita 100 hadi 300. Gharama ya risasi moja ni mara kadhaa ya .22. Kuna pia 7.62x39, risasi ya SKS, bunduki iliyobuniwa na Mrusi Simonov miaka ya 1940. Mahali ambapo SKS za zamani bado zinapatikana kwa bei ya chini, watu huzinunua kama bunduki ya kwanza. Ni imara kweli. Lakini risasi nyingi za zamani za aina hiyo zina viwashio vinavyoacha chumvi ndani ya mtutu, na usipousafisha siku hiyo hiyo kwa maji ya moto kisha mafuta, kesho utakuta kutu.

Ushauri wangu kwa mwenye bajeti ndogo ni .22, na sitauzungukazunguka. Kama sheria yako au kazi yako, mfano kuzuia wanyama waharibifu shambani, inahitaji kaliba kubwa, basi nenda huko ukijua kwamba utapiga risasi chache zaidi kwa pesa ile ile.

HATUA YA 3: Gawa pesa kabla ya kuingia dukani

Chukua bajeti yako yote uikate mafungu matano. Bunduki isile zaidi ya mafungu mawili na nusu. Kinachobaki ni cha risasi, sanduku la chuma lenye kufuli, miwani, viziba masikio, vifaa vya kusafishia na ada ya uwanja. Mtu akinunua bunduki kwa pesa yote hununua vingine "baadaye", na baadaye hiyo masikio yanakuwa yameshaharibika. Mlio wa raifo ya .22 unazunguka desibeli 140, kiwango ambacho mlipuko mmoja unaweza kudhuru; .223 hupita 160. Hasara ya masikio hairudi.

HATUA YA 4: Bunduki na mwili wako

Shika bunduki iliyohakikishwa kuwa tupu, kunja mkono nyuzi 90, weka kitako kwenye kiwiko kwa ndani. Kidole cha shahada kikifika kwenye triga kwa pingili yake ya kwanza, urefu unakufaa. Kisipofika, kitako ni kirefu. Utapiga ukiwa umejivuta nyuma na shingo itakuuma. Zipo zenye vitako vifupi au vya kuongezwa vipande.

Jambo la pili ni jicho lako kuu. Nyoosha mikono, tengeneza tundu dogo kwa viganja, tazama kitu cha mbali kupitia tundu hilo, kisha fumba jicho moja moja. Jicho linaloendelea kukiona ndilo kuu. Kama unatumia mkono wa kulia na jicho kuu ni la kushoto, mwambie mwalimu wako mapema. Watu wamehangaika miaka na shabaha zao kwa jambo hili dogo.

HATUA YA 5: Majina ya kuyajua

Sitaorodhesha kila kitu kilichopo. Nataja ninazozifahamu kwa mkono.

Ruger 10/22 iliingia sokoni 1964 na haijatoka. Magazini yake inazungusha risasi 10 kama gurudumu na inazama yote ndani ya mwili wa bunduki, chini hakuna kinachochomoza. Mtutu umeshikwa kwa skrubu mbili tu. Vipuri ni vingi mno: kitako, triga, springi, vyote unavibadilisha kidogo kidogo pesa ikipatikana. Ninayo malalamiko moja juu yake, na ni ya usalama. Bolti haibaki wazi risasi zikiisha. Unavuta triga, unasikia "ka", basi. Mwanafunzi akizoea kuamini sauti hiyo, ipo siku "ka" itakuwa ya risasi iliyogoma kuwaka na si ya chemba tupu. Zoea kuvuta bolti, kutazama, na kuingiza ncha ya kidole kidogo uguse chemba.

Marlin Model 60 ilianza 1960 na ilitengenezwa kwa mamilioni, kwa hiyo mtumba wake ni mwingi. Risasi zinakaa kwenye bomba chini ya mtutu. Unachomoa bomba la ndani, unazidondosha moja moja kwa ncha mbele, unarudisha. Ni bunduki sahihi kwa pesa yake na haina magazini ya kupotea. Lakini kuipakua ni taratibu, na risasi moja inaweza kujificha ndani ya bomba. Anayeichagua awe mtu mvumilivu.

Savage 64 ni nyepesi, ina magazini ya kisanduku ya risasi 10, na mara nyingi ndiyo ya bei ya chini kati ya mpya. Triga yake ni nzito kidogo kwa kidole changu. Haijanizuia kugonga shabaha.

Smith & Wesson M&P15-22, ya tangu 2009, imetengenezwa kwa umbo na vitufe vya AR-15 lakini inapiga .22. Mwili ni wa plastiki ngumu, na bolti hubaki wazi risasi zikiisha. Kama mpango wako ni kuhamia AR-15 siku moja, hii itakufundisha mkono mahali pa kila kitu kwa gharama ya risasi ndogo. Bei yake huwa juu ya hizo tatu.

HATUA YA 6: Mpya au mtumba

Mtumba wa .22 ni ununuzi mzuri sana ukijua kukagua, kwa sababu mtutu wa .22 unadumu kwa makumi ya maelfu ya risasi. Vichwa vyake ni vya madini laini ya risasi, havitafuni chuma. Kinachoua bunduki hizi ni kutu, fimbo ya kusafishia iliyoshikwa ovyo, na mafundi wa kujifundisha.

Kagua hivi, na mwenye mali awepo. Toa magazini, vuta bolti, tazama chemba, gusa. Fanya mara mbili. Kisha izuie bolti ibaki wazi, weka kipande cha karatasi nyeupe mlangoni pa chemba, elekeza tochi kwenye karatasi, na utazame ndani ya mtutu kutokea mdomoni. Karatasi inarudisha mwanga laini na utaiona mifereji ya ndani ikijizungusha kama kamba iliyosokotwa. Inatakiwa ing'ae mpaka mwisho. Uchafu wa kijivu si tatizo, husafishika. Vishimo vyeusi ni kutu, hivyo havitoki. Ukiona pete ya kivuli inayozunguka mtutu mahali pamoja, rudisha bunduki mezani na ushukuru. Hapo mtutu umevimba: siku moja kichwa kilikwama ndani na mtu akapiga kingine nyuma yake.

Sasa mdomo wa mtutu. Chukua pamba ya masikioni, ipitishe taratibu kwenye ukingo wa tundu ukiizungusha. Nyuzi zikinasa, kuna kijino, na kijino hicho kinapindisha kila risasi inayotoka. Fundi anaweza kukirekebisha, lakini bei ishuke.

Tazama ukingo wa chemba kwa tochi. Kwenye .22 iliyochezewa triga mara nyingi ikiwa tupu, pini huwa imejichimbia kikovu kwenye chuma. Kikovu kikubwa huzuia risasi kuingia vizuri na hufanya nyingine zigome kuwaka. Wakati huo huo angalia ndoana ya kuvutia ganda kama ncha yake bado kali, midomo ya magazini kama haijapinda, na vichwa vya skrubu kama havijatafunwa na bisibisi isiyo saizi yake. Skrubu zilizotafunwa zinakuambia mtu alifungua bila kujua, na hujui alifika wapi.

Mwisho, majaribio ya usalama, bunduki ikiwa tupu na mdomo umeelekea mahali salama. Washa kufuli ya usalama, vuta triga kwa nguvu ya kawaida, achia, kisha zima kufuli. Nyundo isianguke katika hatua yoyote kati ya hizo. Halafu vuta triga ukiwa umezima kufuli, usiiachie, na huku umeishikilia vuta bolti nyuma na kuiachia. Nyundo ibaki imekaa. Ukiachia triga taratibu utasikia "tik" ndogo: imejipanga upya. Bunduki isiyopita jaribio hili inaweza kutoa risasi mbili kwa mvuto mmoja. Usiinunue hata kwa bei ya kutupa.

Namba ya bunduki ifanane na ya kwenye nyaraka, tarakimu kwa tarakimu. Iliyokwaruzwa, ondoka.

HATUA YA 7: Vilengeo

Anza na vilengeo vya chuma vilivyokuja na bunduki. Vinafundisha kichwa kukaa mahali pamoja. Ukitaka darubini, ya ukubwa wa mara 4 isiyobadilika inatosha mpaka mita 100. Hakikisha ni ya .22: darubini za .22 hupangwa ziwe sawa kwenye mita 50 hivi, za bunduki kubwa kwenye 100, na ukitumia ya 100 kwa shabaha ya 50 alama itaonekana kuhama kila ukisogeza jicho. Angalia pia reli ya juu ya bunduki yako. .22 nyingi zina mfereji mwembamba wa milimita 11, nyingine zina reli pana, na vishikizo haviingiliani.

Darubini nyingi husogea robo ya dakika ya nyuzi (nyuzi moja ina dakika 60) kwa kila mlio wa kitufe. Kwa mita 50 hiyo ni kama milimita 3.6. Kwa hiyo ukipiga risasi tano na kundi lote limekaa sentimita 4 kushoto, ni milio 11 kwenda kulia. Usisogeze kwa risasi moja, subiri kundi.

HATUA YA 8: Siku ya kwanza uwanjani

Bunduki mpya ina mafuta ya kuhifadhia. Isafishe kabla. Chukua aina tatu nne za risasi, boksi moja moja, na andika kwenye daftari ipi ilikwama, ipi ilikusanya kundi dogo. Pakia risasi moja tu kwenye magazini kwa raundi ya kwanza, kisha mbili, kisha tano. Ukipakia moja unathibitisha bunduki inatema ganda. Ukipakia mbili unathibitisha inajipakia yenyewe na haitoi mbili kwa pamoja.

Zile kanuni nne ziwe mdomoni kabla hujagusa kitu. Kila bunduki ina risasi mpaka ujihakikishie. Mdomo usielekee kitu usichotaka kukiharibu. Kidole nje ya triga mpaka umelenga. Jua shabaha yako na kilicho nyuma yake.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu shikamoo. Mimi ni mwanamke, mwili wangu mdogo, na kila nikienda wananiambia nichukue nyepesi kabisa. Ni kweli?

Jibu: Marahaba dada. Kwa .22 uzito si wa kukutisha, teke lake hata mtoto wa miaka kumi analibeba. Nyepesi mno inatikisika ukilenga umesimama. Angalia zaidi urefu wa kitako, Hatua ya 4. Shika kama tatu, kila moja ikae begani dakika mbili nzima. Ile ambayo mkono wa mbele haujaanza kutetemeka ndiyo yako.

Swali: Mkuu, nina .22 ya mtumba, inakwama kila baada ya risasi tano au sita. Niiuze?

Jibu: Usiiuze bado. Niambie inakwama vipi, maana kila mkwamo una mama yake. Ganda tupu likibanwa mlangoni limesimama wima, risasi ni dhaifu, au bolti ina uchafu na mafuta mengi. Badili risasi kwanza, ndiyo dawa rahisi kuliko zote. Kama risasi mpya inagonga ukingo wa chemba na kichwa chake kinakwaruzwa, shaka iende kwenye magazini: weka alama kwa kalamu, tumia mbili kwa zamu, uone kama mkwamo unaifuata moja. Kama ganda linabaki ndani ya chemba kabisa, ni ndoana imechakaa au chemba ni chafu. Mabaki ya nta na madini ya risasi hujikusanya mlangoni pa chemba kama gundi. Yasugue kwa brashi ya shaba yenye kiyeyusho, uyaache dakika kumi, usugue tena. Mafuta usimwage. Tone moja kila upande wa njia ya bolti linatosha, yakizidi yanageuka matope. Na kila ukishughulikia mkwamo, mdomo uelekee shabaha na magazini itoke kwanza.

Swali: Kwa nini usitushauri bolti ya mkono? Si ni rahisi zaidi?

Jibu: Kwa pesa ile ile bolti ya mkono mara nyingi hugonga vizuri zaidi, haichagui risasi, na inakulazimisha utulie kati ya risasi na risasi. Kama lengo lako ni makundi madogo kwenye karatasi na hutaki usumbufu wa kukwama, ichukue, sitakubishia. Nusu otomatiki inafaa zaidi kwa anayelenga shabaha kadhaa mfululizo, au ambaye hataki kuinua shavu kila mara. Somo ni la nusu otomatiki kwa sababu ndilo mlilouliza.

Swali: Nimepata AR-15 ya mtumba, kwenye mtutu imeandikwa .223 Rem. Muuzaji anasema nitumie 5.56, ni zile zile.

Jibu: Si zile zile kaka. Kwa nje zinafanana na zinaingia, hatari iko hapo hapo. Chemba ya .223 ina nafasi fupi mbele ya risasi, na 5.56 ndani yake inaweza kupandisha shinikizo kupita kiasi. Mtutu ulioandikwa 5.56 unapiga zote mbili, ulioandikwa .223, piga .223 tu. Muuzaji asiyejua hilo, kagua na maneno yake mengine yote.

Swali: Nyumbani nina watoto wawili, wa miaka sita na tisa. Juu ya kabati kunatosha?

Jibu: Hakutoshi, ndugu yangu. Mtoto wa miaka tisa anajua kila kilichoko juu ya kabati, hata zawadi ulizomfichia. Sanduku la chuma lililofungwa ukutani kwa bolti, bunduki ndani ikiwa tupu, risasi kwenye sanduku lingine lenye kufuli lingine, na funguo zikae nawe, si kwenye droo. Kama pesa ya sanduku haijapatikana, bunduki ibaki klabuni au dukani mpaka ipatikane. Na waeleze watoto kwa upole wakikuta silaha popote: usiguse, ondoka, mwite mtu mzima. Siku moja watakuwa nyumba ya rafiki yao, na wewe hutakuwepo.

Swali: Nisafishe kila baada ya risasi ngapi? Wengine wanasema .22 haisafishwi.

Jibu: Bolti na chemba kila baada ya 300 hadi 500. Mtutu wenyewe mara chache zaidi, ukiona makundi yameanza kufunguka. 10/22 imefungwa kwa nyuma, fimbo haipiti kutokea chemba, kwa hiyo tumia kamba ya kuvuta: inaingia chembani, inatoka mdomoni. Fimbo ya chuma kutokea mdomoni ndiyo inayokula ule ukingo niliowaambia mkague kwa pamba. Ukimaliza, nawa mikono kwa sabuni na maji baridi kabla ya kula chochote. Madini ya risasi ni sumu na hubaki vidoleni.

Swali: Jumamosi nilipiga, ikatoa mlio mdogo kama "pff" na karatasi haikutoboka. Nikasimama, nikamwita msimamizi. Jirani yangu alikuwa ananiambia vuta bolti uendelee. Nilikosea?

Jibu: Hukukosea hata kidogo, na mwambie jirani yako ajifunze kwako. Mlio wa namna hiyo mara nyingi ni baruti isiyowaka vizuri, na kichwa kinaweza kuwa kimebaki katikati ya mtutu. Nusu otomatiki ndiyo hatari zaidi hapo, kwa kuwa wakati mwingine inajipakia nyingine hivyo hivyo. Acha mdomo umeelekea ukuta wa udongo, hesabu sekunde 30, toa magazini, fungua bolti, toa kilichomo. Kisha bolti ikiwa wazi, pitisha fimbo ya plastiki au ya mbao kutokea mdomoni taratibu. Ikigota njiani, kichwa kimo ndani na kazi ni ya fundi. Ikitokea kwenye chemba, weka ile karatasi nyeupe, washa tochi, tazama. Usipakie risasi nyingine mpaka uuone mwanga wote wa duara.